Mita Moja, Vyumba Sita

Nyumba yetu ya Keko Machungwa ina choo kimoja,
bomba moja linalotoa maji Jumanne na siku likipenda,
na mita moja ya LUKU, juu ukutani,
juu kiasi kwamba asiye na stuli hazioni uniti.
Stuli ni ya Bi. Chausiku.
Kwa hiyo habari za umeme zilianzia kwake,
na kila siku zilikuwa mbaya.

"Zimebaki tatu!"
Tunatoka vyumbani kama tuliosikia moto.
Elfu mbili kila mlango.
Shemweta hayupo, ametoka saa tisa ya usiku
kuendesha mwendokasi, Kimara, Kivukoni, Kimara;
yake huiacha chini ya kapeti la mlangoni.
Kisha tarakimu ishirini:
mmoja anasoma, mmoja anabonyeza,
wengine tumenyamaza kama wanaosomewa wosia.

Nani anakula umeme?
Nilisema mimi, nisifiche.
Nilisema mbele ya watu: friji la Bi. Chausiku,
lile la barafu za ukwaju,
linalokoroma usiku kucha ukutani kwangu,
ndilo linalotula sote.
Akajifunga kanga upya. Akaniangalia.
"Mwenye macho haambiwi tazama," akasema,
akaingiza stuli ndani, akafunga mlango.

Wiki mbili tuliishi bila kujua uniti.
Giza likitaka, lilikuja tu.

Kulwa wa chumba cha tatu hakutia neno.
Fundi simu, pacha aliyemwacha pacha wake Sengerema na ng'ombe.
Jumapili moja akapanga barazani vikopo sita vya siagi,
ndani yake waya, kitaa chekundu,
na kipande cha simu iliyokwisha kufa.
"Kila chumba na chake," alisema.
"Kitahesabu, kisha kitatuma kwenye simu zetu zote.
Kusema uongo hakijui, sijakifundisha."
Mzee Ngonyani, aliyekuwa akimwagia matembele yake
kwenye mifuko ya saruji nyuma ya bafu,
akauliza kama kitamhesabia na fungu za mchicha
zinazopungua usiku.
Tulicheka. Hata mimi nilicheka.

Mwezi ukaisha siku ya Ijumaa.
Simu zikalia pamoja, korido nzima.
Shemweta, nne: huyo hulala tu.
Ngonyani, sita.
Wanachuo wa chumba cha mwisho, kumi na moja.
Kulwa, kumi na mbili.
Bi. Chausiku, ishirini na tisa.
Mimi, arobaini na saba.

Pasi.
Ilikuwa Januari, sare za shule,
sketi za bluu, kila rinda mara mbili,
maana mama alinifundisha
rinda lililolala ni aibu ya fundi.
Nilikaa kitandani na ile namba mkononi.
Hakuna aliyenigongea, hakuna aliyenicheka,
na hicho ndicho kilichonichoma.
Upande wa pili friji likakoroma, likakoroma,
kisha likanyamaza.
Kumbe hupumzika.
Miaka miwili, sikuwahi kulisikia likipumzika.

Samahani ni neno fupi lakini lilinikwama.
Nikachukua vipande vya bluu, nikashona mto wa stuli,
marinda kuzunguka ukingo wote.
Nikaazima kwa Ngonyani pasi yake ya mkaa,
nikaupiga uani, moshi machoni,
watu wakipita na ndoo bila kuuliza.
Alfajiri nikauacha mlangoni kwake.

Jioni stuli ilirudi korido, na mto juu yake.
Bi. Chausiku akapanda, akayumba,
akashika ukuta.
"Mto wako unateleza," akasema bila kugeuka.
Nikasimama pale na futi ya kupimia shingoni,
nisijue kama nirudi ndani.
"Sasa unangoja nini? Nishike."